Mbuzi wa Kielelezo

Asubuhi moja baba yangu aliniamkia. Nilikuwa nimeinama uani nikichambua mboga ya mchunga kwenye ungo, nikasikia kandambili zake nyuma yangu, kisha sauti yake ya kipolisi, nzito, yenye adabu kuliko kawaida: "Shikamoo, mama."

Kwetu mtoto ndiye anayemwamkia mzazi. Mzazi hamwambii mtoto wake shikamoo hata kwa kuteleza ulimi. Niligeuka. Alikuwa amesimama wima, mikono imebana mapaja, akingoja niitikie. Alikuwa ananitazama mimi, lakini heshima ile haikuwa yangu. Niliitikia, mdomo ulitangulia kabla sijafikiri.

"Marahaba."

Mama, aliyekuwa anapuliza jiko, akaacha kupuliza. Baba akatutazama sote wawili, akacheka kidogo. "Si ndiye daktari wetu huyu? Lazima tumwamkie." Kisha akaenda msalani akajifungia, akakaa huko mpaka uji ukapoa.

Mimi si daktari. Nilisomea saikolojia na ushauri nasaha chuo kikuu, nikarudi Korogwe na cheti changu kwenye bahasha ya kaki, nikawa najitolea kwenye kituo cha afya huku nikisubiri ajira. Baba alikuwa sajenti mstaafu wa polisi, mpelelezi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alizaliwa kijijini Handeni, akajenga Korogwe alipostaafu, akapanda michungwa nyuma ya nyumba na kuanza kuisimamia kama askari wapya. Kwa muda sasa alikuwa anasahau. Si kusahau miwani. Alisahau kwamba ameshakula. Alikwenda dukani kununua betri za redio akarudi na chumvi, kesho yake tena chumvi, mpaka mama akawa anawagawia majirani. Siku nyingine alivaa koti lake la kaki akasema anaingia zamu.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alituita mama na mimi nje, akatueleza akili yake inakoelekea, kwamba hairudi. Mama, Msambaa wa Magoma asiyependa maneno mengi, alifunga khanga yake upya na kutoa amri palepale kwenye benchi: "Asiambiwe. Mzee amechoka tu. Umenisikia?"

Nilimsikia. Sikukubali, lakini nilimsikia. Tangu utotoni nimekuwa mtu wa kuuliza. Madrasa nilimuuliza mwalimu maswali mpaka akanihamishia karibu na mlango, nami nilidhani ni sifa. Sasa nilikuwa na swali moja tu, na ndilo nililokatazwa. Baba anajua? Ile shikamoo, je, alinifananisha na marehemu mama yake, akagundua, akafunika kwa mzaha? Au ulikuwa mzaha tangu mwanzo? Kama hajui, basi amepumzika, tumwache. Lakini kama anajua, basi yuko peke yake humo ndani, na sisi wenye kumpenda ndio tuliomfungia mlango kwa nje.

Nilijaribu kumuuliza kwa njia nilizofundishwa. Maswali ya wazi. Ukimya wa kumpa mtu nafasi. Kuinamisha kichwa kidogo.

"Baba, siku hizi unajionaje?"

"Najiona kwenye kioo."

"Namaanisha kichwani."

"Kichwani kuna mvi." Akanitazama kwa jicho la mtu aliyehoji wezi wa ng'ombe kabla mimi sijazaliwa. "Upelelezi bado unaendelea, mama. Ukikamilika utaarifiwa."

Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Chakula kimeiva? Upelelezi unaendelea. Umeswali? Upelelezi unaendelea. Unawezaje kumhoji mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhoji?

Ndipo nikaanza kuandika riwaya. Nitasema ukweli: ilikuwa mtego.

Ilikuwa riwaya ya upelelezi, ya kuchekesha, kwa sababu nilijua ya kuhuzunisha asingeisikiliza. Katika kituo kimoja cha polisi cha mahali pasipotajwa jina, mbuzi aliyekamatwa kama kielelezo katika kesi ya wizi anapotea kabla ya siku ya kesi. Mkuu wa kituo, kwa aibu, anamwita mshauri nasaha, binti mmoja mwenye vyeti vingi na viatu vyembamba, aje kuzungumza na washukiwa kimyakimya, kwa sababu polisi kujihoji wenyewe itakuwa kichekesho mjini. Binti anamhoji kila mtu kwa swali lake moja: "Na hilo linakufanya ujisikieje?" Mama ntilie anajibu kwamba linamfanya ajisikie kuunguza maharage. Mahabusu anajibu kwamba tangu azaliwe hajawahi kuulizwa, analia, anakiri makosa matano ambayo hakuna aliyekuwa anamshuku nayo, na la mbuzi halimo. Anayemsaidia binti ni sajenti mmoja mzee mwenye tumbo, asiyeamini saikolojia wala kitu chochote kisicho na chai.

Nilikuwa namsomea baba alasiri barazani kutoka kwenye simu, mama akiwa shambani au sokoni. Hatukumwambia mtu. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na nilipodhani amelala alinikosoa.

"Simama hapo. Nani anamlisha huyo mbuzi?"

"Sijaandika, baba."

"Hujaandika! Mbuzi ni kielelezo hai. Anakula. Askari wa zamu ndiye anayekwenda kumkatia majani. Mimi nimelinda jogoo wa kielelezo mpaka akazeeka. Kesi inaahirishwa, jogoo anawika. Inaahirishwa, anawika. Siku ya hukumu mlalamikaji mwenyewe hakumtambua."

"Mkamfanya nini?"

"Nani? Mlalamikaji?"

"Jogoo, baba."

"Upelelezi unaendelea." Na tumbo lake likawa linatikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Alinisahihisha mengi. Kwamba mbuzi asifungwe kwa kamba ya nailoni, afungwe kwa kamba ya katani, hapa ni Korogwe, nchi ya mkonge. Kwamba sajenti asimpige mtu hata mmoja, "maana huyo sajenti namwona ni mtu wa busara." Alijua sajenti ni yeye. Binti mwenye viatu vyembamba alimwita "huyo msumbufu". Kilichonishangaza ni hiki: mtu asiyekumbuka kama amekunywa dawa alikumbuka tulipoishia. Nilikuwa naketi tu, naye anasema, "Enhe, mahabusu alikuwa analia."

Kisha nikaandika sura niliyokuwa naizunguka tangu mwanzo. Sajenti anasimama mbele ya stoo ya vielelezo akiwa ameshika funguo, na hakumbuki amekuja kufanya nini. Anatazama funguo, anatazama mlango. Askari kijana anapita anamsalimia, naye anajifanya anakagua kitasa.

Nilisoma polepole, nikimtazama usoni kama nilivyofundishwa kumtazama mteja. Baba hakufumbua macho. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua mkono wa kiti.

"Soma tena hapo kwenye kitasa," alisema.

Nikasoma tena.

"Endelea."

"Sura imeisha, baba. Unaonaje?"

Alifumbua macho. Kisha akaniuliza kama mchana ule tumekula. Nilimwambia tumekula. Akasema vizuri, akaingia ndani. Nikabaki barazani na mtego wangu. Haukunasa kitu, au ulinasa na mimi sikujua kusoma alama.

Mtu mwingine aliyekuwa anakuja kwetu kila asubuhi alikuwa mtani wake. Lazima nimweleze huyu. Wazigua, kabila la baba, na Wanyamwezi, kabila la mzee huyu, ni watani tangu enzi za misafara ya biashara, ndivyo tulivyoambiwa. Wanaruhusiwa kutukanana, kunyang'anyana vitu, na kufanyiana vituko msibani pasipo mtu kukasirika. Babu yake huyu mzee alikuja Ngombezi kukata mkonge, na yeye mwenyewe alizaliwa kwenye kambi za vibarua, akafanya kazi kiwandani kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, mpaka masikio yakapungua nguvu. Baba alifahamiana naye alipokwenda huko kupeleleza wizi wa marobota ya katani, akamweka ndani siku nzima kimakosa. Wakawa marafiki wa kufa. Kila asubuhi alikuja na baiskeli yake, wakanywa kahawa chini ya michungwa, wakipiga kelele kwa sababu ya masikio yake.

"We Mzigua, hujafa tu?"

"Nakungoja wewe ukachimbe kaburi, Mnyamwezi. Ndiyo kazi iliyowaleta huku kwa treni."

Kwangu mimi utani ulikuwa mada ya mtihani. Chuoni niliandika kwamba vituko vya watani msibani ni njia ya jamii kukwepa huzuni badala ya kuikabili, na mwalimu akanipa alama nzuri. Nilipowasikia wanapiga kelele chini ya michungwa, niliona wazee wawili wanaokwepa.

Baba alidhoofika mvua za vuli zilipoanza. Alishikwa na kifua, akalazwa, akarudi, akalazwa tena. Siku moja wodini, mama alipotoka kufuata uji, alinishika mkono.

"Mwizi wa mbuzi ni nani?"

Nilikuwa nimepanga mwisho zamani. Mwizi ni karani wa mahakama, aliyemla mbuzi kwenye harusi ya dada yake. Lakini sikutaka kumwambia. Nilidhani nikimwekea mwisho atakuwa na cha kusubiri. Watu wenye elimu tunadhani hivyo.

"Ngoja mwisho, baba."

"Mwisho," alisema. "Mimi na wewe nani anaungoja?"

"Basi wewe unamshuku nani?"

"Simshuku. Namjua." Akafumba macho. "Lakini simtaji. Ushahidi haujakamilika."

Nikamwuliza anamaanisha nani, nikainamisha kichwa, nikamwachia ukimya. Akalala. Hatukuzungumza tena cha maana. Alifariki asubuhi moja mama akiwa anamfuta uso, na mimi nikiwa nje napiga simu kuomba ruhusa kazini ambako hata mshahara hawanipi.

Tulimpeleka Handeni kuzikwa kwao. Nyumba ya ukoo ilijaa. Sisi wanawake tulikaa ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye magogo na viti vya kuazima. Wakati wa kutoa jeneza ulipofika kukawa na zogo mlangoni. Mtani alikuwa amelala chali kizingitini.

"Haendi mtu!" alipiga kelele. "Huyu Mzigua amekufa kwa uvivu! Amesikia msimu wa kupalilia umefika, akaona afadhali afe. Sitoki hapa mpaka nipewe kandambili zake."

"Astaghfirullah," alisema shehe, na kugeukia ukuta.

Mtu akakimbia kutafuta kandambili. Niliinuka niende nikamwambie aondoke, kwamba huyu ni baba yangu, si mchezo. Mama alinivuta khanga, nikakaa. Kandambili zikaletwa, mtani akazivaa, akainuka, akajipanga na wanaume kubeba jeneza, na mgongo wake nilipouona kwa nyuma ulikuwa unatetemeka.

Waliporudi kutoka makaburini ndipo akafanya kile nitakachokisimulia. Tulikuwa tumetoka uani, watu wananawa. Mtani akatokea nyuma ya nyumba amevaa koti la kaki la baba, sijui nani alimpa, nguo amezifutika tumboni, na zile kandambili. Alitembea mwendo wa baba. Mwendo kamili, mguu wa kulia ukichelewa kidogo. Wanawake wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Nani anamlisha huyo mbuzi?" alisema kwa sauti ya baba.

Lilikuwa swali la baba, lile la barazani.

"Nauliza nani anamlisha! Nina binti yangu hapa, ana digrii. Badala ya kuniuliza, 'Baba, umeanza kusahau?' ananitungia kitabu. Ananihoji kwa mbuzi!" Watu wakaangua kicheko. Hawakujua anachokisema, walicheka sauti na tumbo. "Mimi nimehoji majambazi. Mtoto anakuja ananiwekea sajenti mlangoni, ameshika funguo, hajui ameendea nini. Anadhani sijijui!"

Akasimama. Akatoa funguo za baiskeli yake mfukoni, akazitazama muda mrefu. Kicheko kikapungua chenyewe.

"Mbuzi hakuibwa," alisema, sasa kwa sauti ya chini, lakini kwa masikio yale hata sauti yake ya chini ilifika kila mahali. "Sajenti ndiye aliyemfungua. Alimpeleka malishoni kwa kamba ya katani, akamfunga mahali, akasahau wapi. Kila siku anakwenda kumtafuta peke yake. Hasemi, maana akisema watamnyang'anya funguo."

Mtu mmoja nyuma akauliza kwa utani, "Sasa si umwambie binti?"

"Nimwambie?" Mtani akajishika kiuno kama baba. "Nikimwambia atalia. Na mimi kubembeleza mtoto mwenye digrii sikufundishwa depo ya polisi."

Watu wakacheka tena. Mama alikuwa anacheka, machozi yanashuka mpaka kidevuni, na mkono wake umenikamata kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka paliuma. Mtani akaja mbele yangu na mwendo ule. Akabana mikono mapajani.

"Shikamoo, mama."

Niliitikia. Safari hii nilijua ninachofanya.

"Marahaba."

Kabla hatujarudi Korogwe nilimfuata. Alikuwa amekaa pembeni amevua koti, analikunja vizuri kwenye mapaja. Akili yangu ilikuwa imeanza kazi yake ya siku zote. Watani wana ruhusa ya kutunga. Labda alitunga. Lakini ile kamba ya katani? Kitasa? Sikumsomea mtu mwingine, na mzee huyu alikuwa anakuja asubuhi, mimi nikisoma alasiri.

"Babu," nilimpigia kelele sikioni, "baba alikwambia kweli hayo?"

"Mimi ni mtani. Maneno yangu hayaingii kwenye ushahidi."

"Nakuomba."

Alilaza koti upande mwingine. Utani ulimtoka usoni nikamwona mzee tu, amechoka.

"Alikuwa ananisimulia huyo mbuzi wenu kila nikija. Kila asubuhi, mjukuu wangu. Upya kabisa, kama hajawahi kunisimulia. Tangu mwanzo, mpaka anapomkamata huyo sajenti. Akimkamata anafurahi, anapiga goti lake, anasema, 'Kumbe ni yeye!' Halafu anakaa. Halafu analia kidogo. Halafu tunakunywa kahawa."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Mimi nilikuwa nashangaa kila mara, nasema, 'Kumbe ni yeye!' Ningefanyaje?"

Basi nilipata jibu langu. Nililitaka mwaka mzima na nilipolipata sikujua pa kuliweka. Alijua. Na kujua kwenyewe alikusahau, akawa anakupata upya kila siku, na kila siku kulikuwa habari mpya. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba wale wazee wanakwepa. Kumbe kila asubuhi, nikishaondoka kwenda kituo cha afya, hatua chache kutoka dirisha langu, mtu mmoja alikuwa anamsindikiza baba mpaka pale penyewe, na kumrudisha.

Kwa muda mrefu sikuigusa riwaya. Nilimfuta karani wa mahakama pamoja na harusi ya dada yake. Nikaandika sura mpya. Sajenti anaingia kwenye chumba cha mshauri, anavua kofia, anaketi kwenye kile kiti cha plastiki ambacho washukiwa wote walikikalia. Anasema, "Ni mimi. Nilimfunga mwenyewe. Sijui wapi." Hapo nikakwama. Mshauri anafungua mdomo na nina swali moja tu la kumpa, lile ambalo tumelicheka kitabu kizima. Nilijaribu maneno mengine. Yote yalinuka darasa.

Juzi mama alikuwa anamenya muhogo barazani, kwenye kiti cha baba. Hajawahi kusema lolote juu ya siku ile ya Handeni, wala juu ya amri yake ya kwenye benchi. Ghafla akauliza, bila kunitazama:

"Kile kitabu cha mbuzi kimeisha?"

"Bado, mama."

"Soma."

Nikamsomea sura ile ya mwisho. Alikuwa ameacha kumenya. Nilipofika kwenye "Sijui wapi" nikanyamaza, nikamwambia ndipo nilipoishia.

"Na huyo binti anasema nini?"

"Sijui."

"Amekaa tu? Anamtazama?" Sauti yake ilipanda, na kisu kikatua kwenye beseni. "Mtu mzima amemwambia amepotelewa, yeye amekaa anamtazama! Si ainuke? Si avae hivyo viatu vyake waende wote wakamtafute?"

Alijifuta uso kwa mkono wenye utomvu wa muhogo, ukabaki mstari mweupe shavuni. Nikachukua simu nikaandika hivyo. Binti anainuka, anavaa viatu, anamrudishia sajenti kofia yake. Wanatoka. Sikuandika kama walimpata.